Kusanidi Wi-Fi kwenye mfumo endeshi: kerneli, huduma au eneo-kazi?

Kiolesura cha waya hakina maneno mengi. Unachomeka kebo, taa inawaka, unakipa anwani, kazi imeisha. Ndiyo maana amri ya ifconfig iliwatosha watu kwa miaka mingi: kiolesura kilikuwa na jina, anwani, na hali ya kuwa juu au chini. Wi-Fi ilipokuja ikalazimishwa kuingia kwenye umbo hilohilo, na tangu hapo usanidi wake haujatulia. Anayechomeka kebo ameshachagua mtandao kwa mkono wake. Hewani hakuna cha kuchomeka, kwa hiyo lazima kitu fulani ndani ya mfumo endeshi kiamue ni mtandao upi kati ya ishirini inayosikika, kitoe nenosiri linalohusika, kipite mazungumzo ya usimbaji, kisha kiwe tayari kuyarudia yote hayo mtumiaji akihama chumba au akiamsha mashine iliyolala.

Ulinganisho huu ni wa yule anayelazimika kuchagua. Huenda unaandika mfumo endeshi mdogo na sasa umefika kwenye Wi-Fi, au unaandaa programu ya kifaa kitakachokaa ukutani miaka mitano, au una mashine kadhaa za Linux na kila mwongozo unaousoma unakutajia programu tofauti. Urembo wa amri nauacha kando, maana amri huzoeleka zote. Naangalia mambo matatu: orodha ya mitandao inayojulikana inakaa wapi, nenosiri liko mikononi mwa nani, na programu nyingine zinapataje habari hali inapobadilika. Niseme mapema ninakoegemea: mtandao si mali ya kiolesura. Ukiufunga kwenye kadi utakuja kulipa baadaye, ingawa yapo mazingira ambayo deni hilo ni dogo na linalipika.

Tulikotoka

Karibu na mwaka 2000 mfumo endeshi wa FreeBSD ulikuwa na amri ya wicontrol kwa kadi za WaveLAN za Lucent na ancontrol kwa kadi za Aironet. Ukibadilisha kadi, unajifunza amri upya. Linux ilijaribu kuleta lugha moja kwa Wireless Extensions, kazi ya Jean Tourrilhes, ambayo wengi wanaikumbuka kupitia iwconfig. Ilikuwa hatua kubwa, ila ilirithi mwendo wa ioctl, wito wa programu kwenda kwa kerneli (kiini cha mfumo endeshi), yaani kila kitu kinawekwa kivyake: jina la mtandao kwa wito mmoja, ufunguo kwa mwingine, chaneli kwa wa tatu. Draiva, programu inayoendesha kadi, haijui umemaliza saa ngapi. Nyingi zilianza kujiunga mara tu jina lilipowekwa, kwa hiyo aliyetanguliza jina alikuwa anaupelekea mtandao mpya ufunguo wa mtandao wa zamani. Watu wakazoea kuandika jina mwisho bila hata kujua sababu.

Kerneli ya Linux 2.6.22 ya mwaka 2007 ilileta mac80211, msingi wa pamoja wa draiva za Wi-Fi, na kadiri miaka ilivyokwenda cfg80211 na nl80211, njia mpya ya programu kuzungumza na kerneli kuhusu Wi-Fi, zikachukua nafasi ya mtindo ule wa zamani. Humo, ombi la kujiunga hubeba kila kitu kwa pamoja: jina, aina ya usalama, masafa, hata anwani ya kituo fulani kinachotoa mtandao ukitaka. Kerneli za sasa zikiona programu bado inatumia Wireless Extensions huandika onyo kwamba njia hiyo haitafanya kazi kwenye vifaa vya Wi-Fi 7. Kama unabuni chako mwenyewe, anzia hapo: ombi moja, zima, linalokubaliwa lote au kukataliwa lote.

OpenBSD: kila kitu ndani ya ifconfig

Huu ndio usanidi mzima wa laptop yenye kadi ya Intel inayotambulika kama iwm0. Ni faili moja, /etc/hostname.iwm0:

```
join Ghorofani wpakey "mlima-bila-ngazi"
join Maktaba wpakey "karatasi-na-wino"
inet autoconf
```

Mistari mitatu, na hakuna huduma yoyote ya Wi-Fi inayozunguka nyuma ya pazia. Amri ya ifconfig yenyewe huchukua nenosiri, hulichanganya na jina la mtandao mara 4096 kwa hesabu iitwayo PBKDF2, na kuikabidhi kerneli ufunguo wa biti 256. Kuanzia hapo kerneli ndiyo inayotafuta mitandao, inayoipa alama (mbinu ya usalama ya WPA2 huzitangulia zilizo dhaifu, GHz 5 huongezewa, mawimbi yenye nguvu huongezewa), na ndiyo inayofanya mazungumzo ya hatua nne ya kukubaliana funguo na kituo. WPA kwa nenosiri iliingia kwenye kerneli hiyo na toleo la 4.4, mwaka 2008. Neno join lilikuja baadaye sana, toleo la 6.4 la Oktoba 2018. Kabla yake kulikuwa na nwid tu, mtandao mmoja kwa wakati mmoja, na karibu kila mwenye laptop alikuwa na skripti yake ya kubahatisha yuko wapi.

Kinachonivutia hapa ni uchache wa vitu vinavyoweza kufa. Hakuna huduma ya kuanguka, hakuna soketi ya kupotea, hakuna mabishano ya nani aanze kabla ya nani mashine inapowaka. Na kwa kuwa Wi-Fi imebaki kiolesura kama vingine, unaweza kuifunga pamoja na kebo chini ya trunk0 kwa mtindo wa failover: ukichomoa kebo, trafiki inahamia hewani huku anwani ikibaki ileile. Hata ruhusa za faili zimefikiriwa. Ukiiacha hostname.iwm0 isomeke na kila mtu, netstart, skripti inayowasha mtandao, itakuonya na kuirekebisha yenyewe.

Gharama yake inaanzia kwenye jina la faili. iwm ni draiva. Hamishia diski kwenye mashine yenye kadi mpya zaidi inayotumia draiva ya iwx, na orodha yako yote inabaki inasubiri kadi ambayo haipo. Ukiwa na kadi mbili, unaandika mitandao ileile mara mbili. Gharama ya pili ni kwamba kila mbinu mpya ya usalama inabidi iandikwe ndani ya kerneli, na usomaji wa fremu (vipande vya data vya hewani) zinazotoka kwa watu usiowajua hewani unafanyika mahali penye mamlaka ya juu kuliko pote. Ya tatu ni mitandao ya kampuni na vyuo, ile ya 802.1X yenye jina la mtumiaji na vyeti. TLS, itifaki inayotumia vyeti hivyo, haiwezi kuingizwa kwenye kerneli kwa akili timamu, kwa hiyo unasakinisha huduma ya wpa_supplicant kutoka kwenye vifurushi, inamalizana na seva ya uthibitishaji, kisha inaipa kerneli ufunguo mkuu ili iendelee na hatua nne zake. Yaani huduma uliyoikwepa mlangoni inarudi kupitia dirishani.

wpa_supplicant: mazungumzo yote nje ya kerneli

Jouni Malinen aliianza mwaka 2003, na leo utaikuta kwenye Linux, FreeBSD, NetBSD, Haiku na Android. Mgawanyo wake ni mwingine kabisa: kerneli inatuma na kupokea fremu na kusimba kwa funguo inazopewa, lakini mazungumzo yenyewe, kuanzia WPA ya kwanza hadi SAE ya WPA3 na aina zote za EAP (njia za kumthibitisha mtumiaji kwenye 802.1X), yanaendeshwa na programu ya kawaida. Ndiyo sababu kwenye Linux amri ya `iw dev wlan0 connect` inaweza kukuunganisha na mtandao wa wazi au wa WEP, usimbaji wa kizamani, na si zaidi. Wengi huijaribu kwenye mtandao wenye nenosiri, hawaoni kosa la maana, wakadhani draiva ni mbovu.

Faida ya mgawanyo huo ilionekana wazi Oktoba 2017, shambulio la KRACK dhidi ya WPA2 lilipotangazwa. Udhaifu ulikuwa kwenye itifaki yenyewe, na matoleo ya wpa_supplicant kuanzia 2.4 yaliumia vibaya zaidi kwa sababu yalifuta ufunguo kwenye kumbukumbu baada ya kuutumia, kisha yakiombwa kuusakinisha tena yakasakinisha sifuri tupu. Lakini dawa ilikuwa kusasisha kifurushi kimoja na kuanzisha huduma upya. Kwa kifaa cha ukutani ambacho kubadilisha kerneli yake ni kujaribu bahati, tofauti hiyo si ndogo.

Usumbufu wake uko kwenye mipaka. Tazama jambo hili kwa karibu, kwa sababu kila anayegawanya kazi kati ya kerneli na huduma atalikuta. Habari ya kwamba "umekubaliwa na kituo" ilikuwa inaifikia programu kupitia netlink, njia ya ujumbe kati ya kerneli na programu, huku fremu ya kwanza ya mazungumzo ya hatua nne ikija kupitia soketi ya pakiti. Ni njia mbili tofauti, zisizo na mpangilio kati yake. Kituo chenye haraka kinatuma fremu yake, inafika kabla ya habari ya kukubaliwa, na programu inaikuta fremu ya mtandao ambao kwa ufahamu wake bado haijaungana nao. Ndani ya wpa_supplicant kuna msimbo wa kuiweka fremu kama hiyo pembeni na kuishughulikia baadaye. Baadaye nl80211 iliongezewa uwezo wa kupitisha fremu hizo kwenye njia ileile ya habari, na mpangilio ukapatikana. Ukibuni kiolesura chako, matukio na fremu za udhibiti vipite mlango mmoja tangu siku ya kwanza.

Faili lake la usanidi nalo lina mitego ya kizamani. Nenosiri likiwa ndani ya alama za nukuu ni nenosiri, bila nukuu ni ufunguo wa tarakimu 64 za heksadesimali, na ukisahau nukuu faili zima linakataliwa. Amri ya wpa_passphrase, ambayo watu huitumia ili nenosiri lisionekane, hutoa ufunguo uliokokotolewa na kuacha nenosiri lenyewe juu yake kama maelezo. Usipoufuta mstari huo, umefunga mlango na kuning'iniza ufunguo kwenye kitasa.

iwd: mtandao kama faili linalojitegemea

iwd, huduma nyingine ya Wi-Fi, ilitoka Intel, ikiongozwa na Marcel Holtmann, na toleo la 1.0 lilitoka Oktoba 2019. Ni ya Linux pekee na haioni haya kusema hivyo: inatumia nl80211 moja kwa moja na huduma za kriptografia za kerneli yenyewe, bila kutegemea maktaba ya OpenSSL. Kwa mjenzi wa mfumo mdogo hilo lina maana ya diski na kumbukumbu, ingawa lina maana pia kwamba lazima ujenge kerneli yenye vipengele hivyo vya kriptografia, jambo linalowasumbua wanaojikatia kerneli zao.

Hapa ndipo nilipokuwa naelekea niliposema mtandao si mali ya kiolesura. Folda ya /var/lib/iwd ina faili moja kwa kila mtandao: Maktaba.psk kwa mtandao wa nenosiri, .open kwa ule wa wazi, .8021x kwa wa kampuni. Jina la kadi halipo popote. Ukibadilisha kadi, ukiongeza ya USB, ukinakili folda kwenda mashine nyingine, orodha inafanya kazi. Kusahau mtandao ni kufuta faili. Kuandaa mashine mia ni kunakili faili mia. Na jina lenye herufi zisizo za kawaida, mathalani Chumba#2, linageuka kuwa =4368756d62612332.psk, jambo linaloudhi macho lakini ni sahihi, kwa sababu nitakazoeleza mbele.

Inaweza pia kuomba anwani yenyewe ukiiwekea EnableNetworkConfiguration=true. Wengine wanaona imevuka mipaka. Mimi naona ina mantiki: anayejua sekunde gani ufunguo umewekwa ndiye anayejua lini DHCP, itifaki ya kuomba anwani, ianze. Udhaifu wake ni kwamba draiva za zamani na zile zilizoandikwa nje ya kerneli kuu, ambazo wpa_supplicant ilijifunza tabia zao kwa miaka, iwd huzikataa au hukwama nazo.

NetworkManager: uamuzi uko karibu na mtu

NetworkManager, iliyotoka Red Hat mwaka 2004, haizungumzi na kituo yenyewe. Chini yake kuna wpa_supplicant au, ukiandika wifi.backend=iwd, iwd. Yenyewe inashika wasifu wa kila muunganisho: Wi-Fi, kebo, VPN na modemu, na inaamua upi utumike. Wasifu unakaa kwenye /etc/NetworkManager/system-connections, na faili linalosomeka na wasio root (msimamizi wa mfumo) linapuuzwa kabisa.

Swali la nani anashika nenosiri limejibiwa hapa vizuri kuliko kwingine kote kwenye Linux, na ndilo linalozaa malalamiko mengi zaidi. Wasifu wenye psk-flags=1 hauna nenosiri; siri iko kwenye hifadhi ya funguo ya mtumiaji, na inapatikana akishaingia. Kwa laptop inayoshirikiwa na watu wawili, hiyo ndiyo haki. Kwa mashine unayotaka kuifikia ukiwa mbali kwa SSH ikiwa imewaka peke yake usiku, haitaunganishwa mpaka mtu aketi mbele yake na kuandika nenosiri lake la kuingia. Mashine ileile, kadi ileile, tofauti ni tarakimu moja kwenye faili. Windows inashughulikia jambo hili kwa huduma moja ya mfumo na wasifu wa XML, mtindo ulioanza na Vista, na macOS huweka siri kwenye Keychain yake.

systemd-networkd naitaja kwa sababu watu huichanganya na hizi. Inagawa anwani na njia, basi. Kujiunga na Wi-Fi haijui. Inahitaji wpa_supplicant au iwd pembeni yake.

FreeBSD, illumos na 9front kwa ufupi

FreeBSD tangu toleo la 8.0, mwaka 2009, hutenganisha kadi na kiolesura. Kadi ni ath0, lakini hutumii ath0. Unazalisha wlan0 juu yake, na kama kadi inakubali, wlan1 ya kusikiliza tu au ya kutoa mtandao kwa wengine. Kwenye rc.conf inakuwa mistari miwili:

```
wlans_ath0="wlan0"
ifconfig_wlan0="WPA DHCP"
```

Wageni hulalamika kwamba ni hatua ya ziada isiyo na kazi. Ina kazi. Redio moja ikihudumia majukumu mawili, huwezi kuyaeleza kwa jina moja, na Linux ilifika palepale kwa phy0 na wlan0. Kama mfumo wako mpya utawahi kuwa kituo na mteja kwa wakati mmoja, tenganisha redio na kiolesura sasa, maana kuvitenganisha baadaye ni kuvunja kila skripti ya kila mtumiaji.

Kwenye illumos, mfumo uliotokana na OpenSolaris, amri ya dladm huhifadhi ufunguo kwa jina lake kupitia create-secobj, kisha connect-wifi inataja jina hilo tu, hivyo siri haipiti kwenye mstari wa amri ambako ps, amri inayoorodhesha programu zinazoendeshwa, ingeionyesha. 9front, tawi la mfumo wa Plan 9, inakwenda mbali zaidi: kadi ni folda ya mafaili chini ya /net, programu ya aux/wpa inafanya mazungumzo, na nenosiri lenyewe liko kwa factotum, mtunza siri wa mfumo mzima. Ni watu wachache watakaozitumia hizi mbili kwa Wi-Fi ya kila siku, lakini anayebuni asizipite, maana zote mbili zilitenganisha siri na usanidi bila kujenga mnara wa huduma.

Zikiwekwa pamoja

| | Mitandao imefungwa kwa | Mazungumzo ya WPA | 802.1X | Nenosiri linakaa |
|---|---|---|---|---|
| OpenBSD ifconfig | kiolesura | kerneli | kwa kuongeza wpa_supplicant | faili la root |
| wpa_supplicant | kiolesura, kwa kawaida | huduma | ndiyo | faili la root |
| iwd | mtandao wenyewe | huduma | ndiyo | faili la root |
| NetworkManager | wasifu | huduma iliyo chini yake | ndiyo | faili la root au hifadhi ya mtumiaji |

Yasiyoonekana kwenye jedwali

Jina la mtandao si maandishi. Kiwango cha Wi-Fi, 802.11, kinasema ni baiti 0 hadi 32, zozote zile: nafasi, mstari mpya, hata baiti sifuri katikati. Msimbo wa C unaolichukulia kama neno linaloishia kwenye sifuri utalikata. Skripti inayosoma matokeo ya skani mstari kwa mstari inaweza kudanganywa na jirani aliyeupa mtandao wake jina lenye alama ya mstari mpya. Ndiyo maana faili la iwd lenye heksadesimali linaloudhi macho ni sahihi. Jaribu kila mfumo unaoufikiria kwa jina la baiti 32 lenye nukuu moja na baiti zisizo UTF-8, utajua haraka aliyeuandika alikuwa makini kiasi gani.

Kisha kuna hali ya "juu". Kwenye kebo, taa ikiwaka unaweza kutuma. Kwenye Wi-Fi kuna kipindi ambacho umeshakubaliwa na kituo lakini ufunguo haujawekwa, na pakiti ya kawaida itakayotumwa hapo inatupwa. Mteja wa DHCP akianza mapema, ombi lake la kwanza linapotea, anasubiri kama sekunde 4, kisha 8, na mtumiaji analaumu kituo. Linux hutumia hali ya kusinzia, ambapo kiolesura hakitangazwi kuwa tayari hadi mazungumzo yaishe. Mfumo wako usipokuwa na neno la hali hii ya katikati, kila mteja wa DHCP atajitungia kipima muda chake.

Sheria za redio nazo hazikwepeki. Nchi tofauti zinaruhusu chaneli na nguvu tofauti. Chaneli ya 14 ya GHz 2.4, kwa mfano, ni ya Japani. Linux iliwahi kutegemea programu ya nje, CRDA, kuipa kerneli hifadhidata hiyo, tangu 4.15 kerneli inaisoma yenyewe na kukagua saini. Kwenye GHz 5, kituo kinachotaka chaneli zinazotumiwa pia na rada lazima kisikilize sekunde 60 kabla ya kutoa sauti. Amri ya kuwasha kituo inarudi mara moja ikisema sawa, na dakika nzima hakuna mtandao. Kiolesura kisichoweza kusema "nasubiri rada" kitaonekana kimeharibika.

Na nani aruhusiwe kuskani? Orodha ya vituo vinavyosikika inatosha kukisia mtu yuko wapi. Android 6.0 iliifunga nyuma ya ruhusa ya mahali, na Android 9 ikaziwekea programu zilizo mbele ya mtumiaji kikomo cha skani nne kila dakika mbili. Kwenye mifumo ya Unix jambo hili kwa kawaida limeachwa kwa root au kwa kundi fulani la watumiaji. Kama mfumo wako utaendesha programu usizoziamini, hii ni sehemu ya usanidi, usiiache iwe kiraka cha baadaye.

Chagua hivi

Kwa laptop ya mtu mmoja anayehamahama, yenye eneo-kazi, chukua NetworkManager na usipoteze muda. Iache na wpa_supplicant chini yake. Ukiona kuungana baada ya mashine kuamka kunachelewa na kadi yako ina draiva iliyo ndani ya kerneli kuu, jaribu iwd.

Kwa kifaa cha ukutani au mashine za Linux zisizo na skrini, chaguo langu ni iwd pamoja na systemd-networkd, au iwd peke yake ikijiombea anwani. Usanidi wa kila mtandao ni faili unaloweza kulisambaza na kulikagua. Hapo wpa_supplicant inashinda katika hali mbili tu: kadi ina draiva ya ajabu kutoka kwa mtengenezaji, au mtandao wa kampuni unatumia aina ya EAP ambayo iwd haina. Usiweke siri kwenye hifadhi ya mtumiaji kwenye mashine isiyo na mtumiaji.

Kwa ruta au mashine inayokaa mahali pamoja na kujiunga na mtandao mmoja au miwili, OpenBSD inanishawishi kuliko zote. Kuufunga mtandao kwenye kadi hakukugharimu kitu kama kadi haibadiliki, na kukosekana kwa huduma ya kuiangalia ni nafuu utakayoisikia kila siku. Ukihitaji kutoa mitandao kadhaa kwa redio moja, nenda FreeBSD au Linux.

Kwa anayeandika mfumo endeshi wake, ningependekeza mpangilio usiofuata mfumo wowote kati ya hii moja kwa moja. Kerneli ibaki na skani, ombi moja zima la kujiunga, uwekaji wa funguo, na mkondo mmoja wa matukio unaobeba pia fremu za mazungumzo. Usiandike mazungumzo ya WPA wewe mwenyewe. Lete wpa_supplicant na uiandikie kiunganishi cha upande wa mfumo wako, kama walivyofanya BSD na Haiku, kwa sababu kosa moja kwenye msimbo huo linafungua kila kitu. Orodha ya mitandao iwe folda ya mafaili yenye majina ya heksadesimali, bila jina la kadi. Halafu andika amri ndogo yenye sura ya ifconfig juu ya yote hayo, kwa ajili ya yule anayetaka mistari mitatu tu.